Mkono Mpaka Chini ya Gunia

Teodora Mayala hanunui gunia la dagaa kwa kulitazama. Mwenye gunia atalifungua, atapekua juu juu, atasema ona hao, wanang'aa kama shilingi mpya. Teodora humwacha amalize mahubiri yake, kisha hukunja mkono wa blauzi na kutumbukiza mkono mpaka begani. Anachokitoa chini ndicho anachokipangia bei. Huku juu, husema, hata mwizi hupanga vizuri.

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Miaka kumi na miwili iliyopita alitoka Kisesa, kwa baba yake mzee Mayala, akiwa na digrii ya biashara ndani ya bahasha ya kaki, na nyuma yake barua sitini na kitu za kuomba kazi ambazo hazikujibiwa hata kwa tusi. Akafika kwenye mwalo mmoja wa Ilemela, mahali mitumbwi inaposhushia samaki, upande ule ambao ndege zikitua zinapita karibu na mapaa ya watu, kwa shangazi yake aliyekuwa akiuza dagaa. Akasema anakaa wiki mbili tu. Shangazi akampa mtaji wa gunia moja, akanunua gunia zuri ajabu. Juu palikuwa na dagaa, katikati vumbi la dagaa, chini mchanga, na ndani ya mchanga ndala moja ya mguu wa kushoto. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

"Huko chuoni hawakukufundisha kutia mkono?" alimwuliza.

Ile ndala Teodora anayo mpaka leo. Ameitundika kwa msumari ndani ya stoo, na wauzaji wapya huwaonyesha kabla hawajafungua gunia.

Tangu siku hiyo hakuna alichokipokea bila kukitia mkono. Shimba, fundi wa injini za boti, alipoleta maneno ya ndoa, Teodora alimvamia nyumbani kwake Buhongwa Jumatatu asubuhi bila taarifa, akachungulia chini ya kitanda na ndani ya sufuria. Shimba alifaulu kwa alama za wastani. Wamezaa watoto wawili na bado anamkumbusha zile sufuria.

Ila kulikuwa na kundi moja la watu ambao Teodora hakuona hata haja ya kuwatia mkono, maana aliwadharau wakiwa bado mbali. Ni watu wa fomu. Huja na viatu vilivyopigwa rangi, hukanyaga vichanja vya watu vya kuanikia dagaa, huuliza mwanamke mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani kama anaridhishwa na kipato chake, kisha hupotea, na hakuna mtu aliyewahi kuona majibu yalikokwenda. Mmoja wao Teodora alishamkomesha zamani, na hadithi hiyo wanawake wa mwalo hawajaacha kuicheka. Tutaifikia.

Kituo cha kukaushia dagaa kilipojengwa pale mwaloni, aliyekisimamia ni yeye. Vichanja themanini vya wavu, ghala la matofali, mizani isiyosema uongo, vyote vilipita mikononi mwake. Kwa miaka minne ameitwa kaimu meneja. Kaimu, kama hujui, ni mtu anayefanya kazi yote na kusaini nusu yake.

Basi mwaka huu shirika la wafadhili likaahidi mashine za kukaushia, na likamtuma afisa wake, kijana mmoja aitwaye Pius, aje kusoma masharti. Pius alisimama mbele ya akina mama akiwa ameshika karatasi kwa mikono miwili. Akasema meneja wa kudumu ni lazima awe na masta ya biashara, au angalau awe ameshapokelewa chuoni kuisoma. Barua ya udahili iwe mezani kwake Ijumaa ya wiki inayofuata, saa kumi. Isipokuwepo, nafasi itatangazwa gazetini.

"Samahani, baba," alisema Teodora. "Masta itawakausha dagaa haraka zaidi?"

"Si mimi, mama. Ni tafiti. Tafiti zinaonyesha mialo hii ina tatizo la uvivu. Siku za mbalamwezi watu wanalala tu. Wafadhili wanataka msomi wa kuwaamsha."

Hapo patachimbika, ningesema, kama ningekuwepo. Maana dagaa huvuliwa gizani, kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi. Ndiyo, siku za mbalamwezi mitumbwi inapandishwa ufukweni na mgeni akipita anadhani mwalo umekufa. Kumbe dagaa wasipovuliwa ndipo walio ghalani wanapopanda bei. Ndizo siku ambazo malori ya Shinyanga na ya kwenda Kongo hupanga foleni mpaka barabarani, na wanawake hawapati nafasi hata ya kunywa uji.

"Nani analala?" Winnie alipaza sauti. Winnie ni mpanga vichanja, rafiki wa Teodora tangu siku ya ndala, na mdomo wake hauna breki. "Njoo mbalamwezi hii, kaka, ubebe gunia moja tu, halafu utuambie habari za kulala!"

"Tafiti gani hizo?" Teodora aliuliza.

"Tafiti, mama. Zipo," alisema Pius, akakunja karatasi yake.

Usiku ule Teodora hakumwambia Shimba kwamba anaogopa. Alimwambia tu kwamba anakwenda kutafuta chuo. Lakini aliogopa. Alishaona jinsi vijana wanaotangaziwa nafasi gazetini wanavyokuja na tai, wanakaa miezi sita, wanaondoka na mizani.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na chuo cha kwanza kilijitembeza mpaka ndani ya simu yake. Asubuhi ujumbe, mchana ujumbe, jioni sauti ya msichana ikimwita kiongozi wa kesho. Teodora, ambaye alikuwa kiongozi tangu juzi na hakuna aliyempigia, akaenda. Chuo kilikuwa katikati ya mji, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vipuri. Alipokelewa na bwana mmoja aitwaye Alexander, tai nyekundu, kadi ya jina kifuani, chupa ya maji ya baridi, na maneno mengi kuliko maji. Alexander alisema chuo chao kinabadilisha fikra. Kisha akasema kinavunja mipaka.

"Naomba kuona kazi za wanafunzi wenu," Teodora alimkata.

"Kazi zipi, mama?"

"Vile vitabu vya utafiti wanavyoandika wakimaliza. Usinipe cha yule bora. Nipe cha wa mwisho darasani."

Alexander alicheka kwa adabu. "Kwetu hakuna wa mwisho, mama. Kwetu wote wanafaulu."

"Hata wasiokuja?"

"Tuna mazingira rafiki sana."

Dakika kumi baadaye barua ya udahili ilikuwa tayari, ina muhuri wa bluu na sahihi ya mtu asiyekuwepo. Ilimpongeza Teodora kwa kufanya vizuri katika usaili. Alipouliza usaili upi, Alexander alimwambia ni huu tuliomaliza sasa hivi. Teodora alitaka kuichana mbele yake. Hakuichana. Aliitia kwenye mkoba, si kwa sababu aliiheshimu, ila kwa sababu Ijumaa ilikuwa inakuja.

Chuo cha pili kilikuwa Buhongwa, kando ya barabara ya Shinyanga, jengo jipya lenye vioo vingi kuliko viti. Winnie alimsindikiza. Mlangoni pale kulikuwa na mpiga picha na majoho matatu yametundikwa, kwa sababu ukijiandikisha unapigwa picha ya mahafali siku hiyo hiyo, na kofia yake, na karatasi iliyokunjwa na kufungwa utepe mkononi. Usome usisome, picha unayo. Hutaamini, lakini kulikuwa na foleni.

"Chagua hiki," alisema Winnie, tayari amevaa joho na anajigeuza mbele ya kioo. "Hiki angalau matokeo tunayaona leo."

"Vua hiyo nguo."

"Acha nipige moja, nimtumie mama mkwe. Amezoea kusema sikusoma."

Teodora aliomba kuona maktaba. Akapelekwa kwenye mlango uliofungwa kwa kufuli. Ufunguo uko kwa mhasibu, na mhasibu yuko msibani Magu. Alichungulia kwenye tundu la kitasa, akaona ndoo za rangi na ngazi. Winnie naye alipiga picha yake, tena mbili, na ile ya pili inapamba sebule ya mama mkwe mpaka hivi leo.

Ikabaki Jumatano, na chuo cha tatu. Hiki kilikuwa kikongwe kidogo, juu ya kilima cha mawe, hakina kioo wala mpiga picha, na aliyepokea simu yake alimjibu kama anamfanyia hisani: usaili saa nane, kwa mratibu wa masta ya biashara, usichelewe. Teodora alipenda ukavu ule. Akafika saa nne, ili apate nafasi ya kutia mkono.

Mkutubi alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, jina lake Rebeka. Teodora alimwambia anachotaka. Rebeka hakucheka wala hakutoa kipeperushi. Alinyoosha kidole kwenye kabati la nyuma.

"Vyote viko pale. Vizuri na vibaya. Ukimaliza usirudishe mwenyewe, utanivurugia."

Hapo Teodora aliusikia moyo wake ukilainika, jambo ambalo hakulizoea. Hiki ndicho, alijisemea. Mtu anayekuacha utie mkono bila kukushika kiwiko hana cha kuficha. Akakaa chini, akaanza na rafu ya chini kabisa. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha pamba, kibovu, lakini kilikuwa na uungwana wa kukiri ubovu wake. Cha pili, kuhusu maduka ya dawa, kilikuwa kizuri kweli. Cha tatu kilikuwa na jalada jeusi lililochakaa pembeni kwa kushikwa. Matumizi ya Muda na Tija katika Mialo ya Dagaa. Mwandishi Luhaga. Miaka kumi na moja iliyopita.

Alifungua katikati, kama anavyofanya siku zote. Ukurasa ulisema kwamba asilimia tisini na mbili nukta tano ya wahojiwa, yaani thelathini na saba kati ya arobaini, walikiri kwamba hulala siku zote za mbalamwezi bila kufanya kazi yoyote. Chini yake kulikuwa na maneno ya mhojiwa namba tisa, yamewekwa ndani ya alama za kunukuu na kupewa mstari wao peke yao: "Mbalamwezi ikitoka tunalala kama mamba aliyeshiba. Tunaamka mwezi ukifa."

Teodora aliyatazama maneno yale. Akafunua ukurasa. Mhojiwa namba ishirini na tatu alisema: "Mimi silali. Mimi ni mlinzi, ninawalinda waliolala." Mwandishi alikuwa ameweka chini maelezo marefu kuhusu makundi maalumu ndani ya jamii ya wavuvi.

Alicheka. Alicheka kwa sauti, humo maktabani, mpaka Rebeka akashusha miwani. Maana mhojiwa namba tisa alikuwa yeye Teodora. Namba ishirini na tatu pia alikuwa yeye. Wote arobaini walikuwa yeye.

Hii ndiyo ile hadithi. Alikuja kijana mmoja wa fomu, siku za mbalamwezi, malori yamejaa na kila mtu ana haraka. Aliposhindwa kumpata wa kumjibu, alinunua kreti ya soda, akaacha fomu zake arobaini na kusema atazipitia jioni. Wanawake wakanywa soda. Teodora, mwenye digrii na mwandiko mwepesi, akakaa juu ya gunia akazijaza zote. Alitumia kalamu tatu. Fomu nyingine alizijaza kwa mkono wa kushoto, ili zionekane za wazee. Wengine walikuwa wakimtajia majibu na kujishika mbavu. Winnie ndiye aliyesema watatu wasilale, kijana asije akashtuka. Jioni kijana alizichukua, akashukuru sana, akaondoka na viatu vyake.

Akaendelea kufunua huku akijifuta machozi, mpaka akafika mwisho, kwenye mapendekezo. Pendekezo la kwanza lilisema hivi: kwa kuwa wafanyabiashara wa mialo wamedhihirisha uvivu wa kimazoea, vituo vya kukaushia dagaa visimamiwe na mameneja wenye shahada ya uzamili ya biashara.

Kicheko kilimkauka mdomoni.

"Hicho kinatoka sana," alisema Rebeka kutoka mezani kwake. "Watu wa mashirika wote wanakuja kukipiga picha. Hata mwezi uliopita alikuja kijana mmoja, Pius sijui nani."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Teodora alikuwa amekichimba kwa mikono yote miwili, wa kulia na wa kushoto. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Aliyempokonya kazi si Pius wala wafadhili. Aliyewaita akina mama wavivu mbele ya nchi nzima ni yeye, juu ya gunia, anakunywa soda ya mtu. Lakini aibu ni mzigo mzito, na Teodora alitafuta haraka wa kumtwika. Akampata. Msomi gani huyu, alijiuliza, anayepokea karatasi arobaini kutoka mwaloni na hatii mkono hata kwenye moja? Arobaini wanasema kama kasuku, naye anaita utafiti! Hasira ikampanda, ikamfaa. Saa nane kasoro alisimama mbele ya mlango wa mratibu, na kibao cha mlangoni kiliandikwa Dk. Luhaga.

Alikuwa amenenepa. Viatu bado vilikuwa vinang'aa.

"Karibu sana, dada Teodora," alisema Luhaga, akifungua faili lake. Hakumkumbuka. "Naona unatoka kwenye dagaa. Safi, hilo ni eneo langu. Hebu niambie, changamoto kubwa ya mwalo wako ni nini?"

"Watu wanaotusema bila kutujua."

Luhaga alitabasamu kama mtu aliyezoea wanafunzi. "Sawa, lakini tafiti zinaonyesha kwamba..."

"Asilimia tisini na mbili nukta tano," alisema Teodora. "Thelathini na saba kati ya arobaini. Mamba aliyeshiba. Mlinzi anayewalinda waliolala. Daktari, hao arobaini wote ni mimi."

"Sijakuelewa, dada."

"Nipe kalamu."

Aliichukua mezani kabla hajapewa, akavuta kipande cha karatasi, akaandika kwa mkono wa kushoto: Mbalamwezi ikitoka tunalala kama mamba aliyeshiba. Herufi zilikaa upande upande, za mzee asiyeona vizuri. Akaisukuma kwake. Luhaga aliisoma, akainuka, akafunga mlango. Teodora alikaa vizuri kwenye kiti. Alikuwa ameisubiri furaha hii tangu maktabani na alitaka kuila polepole.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Umekula mshahara kwa uongo wangu miaka kumi na moja. Mimi nikinunua gunia natia mkono mpaka chini. Wewe una udaktari, hukuona hata dalili?"

Luhaga aliitazama tena ile karatasi.

"Niliona," alisema. "Fomu zote arobaini zilikuwa na alama ya kidole kile kile kimoja, ya mafuta ya dagaa, pembeni kulia. Niliona usiku ule ule. Nilikuwa na siku tisa za kukabidhi kazi na nauli ilikuwa imekwisha. Nikanyamaza."

"Ulijua!"

"Nilijua. Na wewe nakukumbuka sasa." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomfanya Teodora aache kujiegemeza. "Mimi ni mtu wa Maswa, dada. Kwetu ni ng'ombe na pamba. Ziwa nililiona nikiwa mtu mzima. Nilifika pale mwaloni saa tatu asubuhi nikasimama juani mpaka saa saba. Sikuanza na fomu. Nilikuwa nauliza swali moja tu, mbalamwezi ni nini, na mnafanya nini siku hizo. Nilimwuliza mama mmoja mmoja. Walicheka viatu vyangu. Kulikuwa na dada mmoja amekaa juu ya gunia, ana kalamu sikioni, nikaona huyu amesoma, huyu atanisaidia. Nikamfuata. Unakumbuka alichoniambia?"

Teodora alikumbuka. Alikuwa amelisahau kwa sababu halikuwa sehemu ya hadithi inayochekwa.

"Nilikuambia nenda kawaulize samaki," alisema.

"Watu wote wakacheka. Ndipo nikaenda kununua soda."

Nje, mtu alikuwa anafagia kibaraza. Teodora aliirudisha kalamu mezani. Miaka yote amejisifu kwa kutia mkono chini ya gunia. Mtu mmoja alikuja kutia mkono wake, kwa adabu, kwa kuomba, na yeye ndiye aliyemjazia mchanga.

Luhaga alirudi kwenye kiti. "Naweza kukuandikia barua sasa hivi," alisema. "Nasaini mimi mwenyewe, Ijumaa unaipeleka. Na haya tuliyoongea yabaki humu. Au naweza kwenda kwenye kamati ya chuo, niwaambie kile kitabu hakifai, kitoke kabatini. Nimetaka kufanya hivyo mara nyingi. Lakini kamati wataniuliza ushahidi. Itabidi mtu aandike kwamba alizijaza yeye, na aweke jina lake, na nakala itakwenda kwa kila shirika lililokitumia. Na kamati inakaa Jumanne. Nikishakiri, kabla ya hapo sitakuwa na haki ya kumpokea mtu yeyote hapa, wewe wala mwingine."

"Hiyo Jumanne, Ijumaa itakuwa imepita."

"Itakuwa imepita."

Teodora aliwaza sura ya Pius akiisoma hiyo nakala mbele ya akina mama. Aliwaza Winnie, ambaye angejua kwamba utani wao ndio uliowaita wavivu. Akawaza kijana wa gazetini, na tai yake, na mizani. Ndani ya mkoba kulikuwa na barua yenye muhuri wa bluu, kamili, halali mezani kwa Pius, ya chuo ambacho hakingemwuliza neno lolote mpaka siku ya joho. Alikuwa na njia mbili za kutoka humo akiwa meneja, na zote mbili zilikuwa nzuri juu.

Alitoa kwenye mkoba fomu ya maombi ya chuo kile cha kilimani. Alikuwa ameijaza yote nyumbani isipokuwa sehemu moja, inayouliza kwa nini umechagua chuo hiki. Usiku wa kuijaza hakupata la kuandika hapo. Sasa aliandika: Kwa sababu mchanga uliomo humu niliutia mimi. Akamkabidhi Luhaga. Luhaga aliisoma mara mbili, akaiweka ndani ya faili.

"Maelezo yenyewe niandike wapi?" aliuliza Teodora.

Luhaga alifungua droo, akapekua, akasema karatasi nyeupe zimekwisha, asubiri akaombe kwa katibu.

"Usisumbuke," alisema Teodora. "Ninayo."

Akaitoa ile barua ya Alexander, akaitandika mezani upande wa muhuri ukiwa chini, akaulainisha ule upande mweupe kwa kiganja. Akaandika tarehe. Akaandika, mimi Teodora Mayala, mkausha dagaa, ndiye wahojiwa wote arobaini, na siku ile ya mbalamwezi hakuna mtu aliyekuwa amelala. Aliandika kwa mkono wa kulia, polepole, na alipomaliza akaweka sahihi yake.